Coldplay: albamu mpya ilifika juu sokoni, lakini gitaa halisikiki

Kundi la Coldplay kutoka Uingereza limerudi na albamu yake ya kumi, Moon Music, iliyotoka siku ya tano tarehe 4 mwezi wa kumi 2024. Ina nyimbo kumi, na ilishika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani. Upande wa biashara hakuna la kulalamika. Shida inaanza pale mtu anapokaa chini kuisikiliza mpaka mwisho.

Nyimbo nyingi zinafuata njia moja. Piano inaanza polepole, Chris Martin anaimba kwa sauti ya chini, ngoma inapanda, halafu kinakuja kiitikio kikubwa chenye maneno machache ambacho uwanja mzima unaweza kukifuata hata bila kujua kiingereza. Ni muziki uliotengenezwa kwa ajili ya viwanja vya mpira. Ukisikilizwa nyumbani, kwenye simu, unabaki kelele tamu isiyoacha kitu kichwani.

Kufuata mtindo si kosa. Wakongomani wanalijua hilo kuliko wengi: rumba huanza taratibu, kisha sebene inalipuka, na kila mtu anajua saa yake inapokaribia. Lakini ndani ya sebene mpiga gitaa analazimika kuleta kitu chake mwenyewe, la sivyo watu wanarudi kwenye viti vyao. Katika Moon Music, mpiga gitaa Jonny Buckland anasikika kwa shida sana. Ni huyo huyo ambaye gitaa lake lilibeba wimbo Yellow mwaka 2000, wakati wanafunzi hao wanne waliokutana University College London walipotoa albamu yao ya kwanza, Parachutes. Roki bila gitaa ni sombe bila chumvi.

Nyuma ya sauti hii mpya kuna Max Martin, mtayarishaji kutoka Sweden, yule aliyeandika wimbo uliomjulisha Britney Spears duniani mwaka 1998. Coldplay ilimkabidhi albamu ya Music of the Spheres mwaka 2021, na wimbo My Universe, ulioimbwa pamoja na vijana wa Korea wa kundi la BTS, ukafika nafasi ya kwanza Marekani. Kwa Moon Music wakamrudia.

Inauma zaidi kwa sababu miaka miwili kabla ya Music of the Spheres walikuwa wamethubutu. Albamu Everyday Life ya mwaka 2019 waliitambulisha Amman, huko Yordani, kwa tamasha mbili, moja jua likichomoza na nyingine likitua. Ndani yake kuna Arabesque: Stromae anaimba kwa kifaransa, halafu Femi Kuti wa Nigeria anaingia na wapuliza tarumbeta na saksofoni wake, wanauteka wimbo na kuupeleka wanakotaka wao. Marekani albamu hiyo haikuingia hata tano bora. Kinachoonekana ni kwamba kundi lilijifunza somo lisilofaa.

Maana katika We Pray, wimbo wa albamu hii mpya, waalikwa ni wengi: Little Simz, Burna Boy, Elyanna na Tini. Kwenye karatasi inavutia. Lakini hakuna anayeruhusiwa kugusa kitu. Burna Boy, mtu anayejaza viwanja kwa jina lake mwenyewe, anapita kama mgeni aliyesalimia mlangoni bila kupewa kiti. Ayra Starr katika Good Feelings anakuta hali ile ile.

Pamoja na hayo, sehemu moja inapumua. Ni wimbo usio na jina la maneno, wenye alama ya upinde wa mvua tu. Unazidi dakika sita, unajengwa bila haraka, na ndani yake inasikika sauti ya Maya Angelou, mshairi wa Marekani. Hapo hakuna anayekimbilia kiitikio, na ghafla kundi la zamani linarudi.

Chris Martin amesema Coldplay itatoa albamu kumi na mbili, halafu basi. Kwa hesabu hiyo zimebaki mbili. Mwenye megabaiti chache aanze na huo wa upinde wa mvua, kisha arudi kwa Arabesque.