Jino la utotoni lina kazi yake

Mzazi wa Voi au Wundanyi akiona gego la mtoto limeoza, huenda akasema, “Litang’oka tu.” Lakini magego ya utotoni hukaa hadi miaka 10 au 12, yakiwashikia nafasi wenzao wa ukubwani. Likitoka mapema, meno jirani huliegemea pengo, na jino jipya huota upande.

Meno kutokutana vizuri pia hurithiwa, au husababishwa na kunyonya kidole baada ya miaka 4.

Daktari wa meno aweza kuziba tundu, au kuweka kifaa cha kulinda pengo. Waya za kunyoosha meno mara nyingi husubiri meno ya ukubwani. Mpeleke mtoto akaguliwe kabla hajatimiza miaka 7, hata kama haumwi.