Nyota inazimika nyuma ya mwezi

Mwezi unatembea kati ya nyota kwenda mashariki, kwa saa moja karibu upana wake. Nyota nne tu za mwangaza mkubwa ziko katika njia yake: Aldebaran, Regulus, Spica na Antares. Ikifunikwa, nyota haififii polepole kama taa yenye kukosa mafuta. Inazimika mara moja, paf! Sababu mwezi hauna hewa.

Mwaka 1819, kule Vienna, mtaalamu Bürg alitazama Antares ikitoka nyuma ya mwezi: kwanza nyota ndogo, halafu ile kubwa nyekundu. Kumbe ziko mbili!

Kwa kupiga picha tuchague mwezi haujajaa bado. Nyota inaingia upande wa giza, tunaiona vizuri. Apareyi isimame imara, hata meza inafaa, na tuanze kupiga mbele ya saa yenyewe.