Njiwa wa Roshani: Sadaka, Haki ya Jirani na Njiwa wa Watu

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu katika imani, tulipokwenda kusomesha darsa Mbeya na Iringa tuliletewa masuali mawili kuhusu njiwa. Yote mawili yalitoka kwa watoto wetu wa visiwani wanaoishi huko Nyanda za Juu, mmoja kwa sababu ya ndoa, wengine kwa sababu ya masomo. Tuliwajibu pale pale, lakini tumeona jawabu liandikwe, kwa sababu anayekaa fleti za Michenzani au za Pemba yatamfika yale yale.

Suali la Mbeya

Muulizaji ni bibi kijana, mzaliwa wa Wete, anayekaa na mumewe ghorofa ya tatu. Mume hutoka alfajiri na kurudi usiku. Alituambia: "Sheikh, huku sina ndugu wala jamaa, na baridi imenifungia ndani. Njiwa ndio wageni wangu." Alianza kwa kuwatupia chenga za mchele njiwa wawili waliotua kwenye roshani yake. Sasa wanazidi ishirini, na jozi moja imetotoa makinda wawili ndani ya beseni bovu.

Jirani yake wa chini, mama wa Kinyakyusa na ni Mkristo, ana mtoto mwenye pumu. Kinyesi cha njiwa kinaangukia nguo zake alizoanika, na vumbi la manyoya linaingia dirishani. Amepanda ngazi mara mbili kulalamika. Mume amesema beseni litupwe na kila kilichomo. Bibi huyu anauliza: akiwafukuza, atakuwa amekata sadaka? Na makinda wakifa, dhambi ni ya nani?

Jawabu

Kwanza, kumlisha ndege ni sadaka, halina shaka. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba kila chenye uhai kina ujira kwa anayekitendea wema. Pia katika hadithi ya Anas (R.A.) anayepanda mti au kulima shamba huandikiwa sadaka kwa kila anacholiwa na mtu, ndege au mnyama. Basi mchele wa bibi huyu haukupotea mbele ya Mola wake.

Kuwatazama nako kuna kheri ndani yake. Sura ya Al-Mulk inatuita tuwaangalie ndege walio juu yetu wanaokunjua na kukunja mbawa zao, na Sura ya Al-An'am inatukumbusha kuwa wao ni umma mfano wetu. Njiwa hutaga mayai mawili, na huatamia kwa muda wa siku kumi na nane hivi. Dume hukalia mayai mchana, jike huchukua zamu ya jioni hadi asubuhi. Makinda wakitoka, baba na mama wote wawili huwalisha kitu kama maziwa kinachotengenezwa ndani ya gole. Tena njiwa hunywa maji kwa kuyafyonza bila ya kuinua kichwa kila funda, tofauti na kuku. Mzazi anayemuonesha mwanawe haya kwenye roshani amemfunza tauhidi kwa macho.

Lakini hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tukishajua kuwa jambo ni sadaka, tunadhani linatufungulia kila mlango. Sadaka ni ya hiari. Kutomuudhi jirani ni wajibu. Jambo la hiari halisimami juu ya mgongo wa wajibu. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwa haamini yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake, na kuwa hakuna kudhuru wala kulipiza madhara. Punje ni zako, roshani ni yako, lakini kinyesi kinachoangukia nguo za watu na vumbi linaloingia kifuani mwa mtoto mgonjwa si sadaka tena.

Wala asiseme mtu kuwa jirani huyu si Muislamu. Sahaba Abdullah bin Amr (R.A.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza kwanza kama jirani yake Myahudi amepelekewa sehemu, na akataja usia wa Jibril kuhusu jirani. Haki ya ujirani haiulizi dini. Katika mji kama Mbeya, ambako Waislamu ni wachache, huenda jirani yule hajui lolote kuhusu Uislamu isipokuwa lile linalomdondokea kutoka ghorofa ya tatu.

Kwa nini wanakuja, na je watakufa njaa?

Njiwa wa mjini asili yao ni njiwa wa majabali, wanaojenga viota kwenye kingo za mawe marefu. Kwao wao ghorofa ni jabali na roshani ni ukingo wake. Na Mbeya na Iringa ni miji ya nafaka. Mahindi, maharage na mpunga hushushwa sokoni na kwenye mashine za kusaga kila siku, na zinazomwagika ni nyingi. Ukiacha kuwalisha, hawatakufa. Watarudi kwenye riziki waliyokuwa nayo kabla yako. Imepokewa na Tirmidhi kuwa Mtume (S.A.W.) aliwapigia mfano ndege hao hao katika kutawakali: hutoka asubuhi matumbo matupu, hurudi jioni wameshiba. Tena chakula kikizidi pahala pamoja, njiwa huzaana zaidi, na wawili huwa ishirini kama alivyoona bibi huyu.

Ama makinda walioko kiotani, hukumu yao ni nyengine, kwa sababu wao hawawezi kuondoka. Katika Sunan Abi Dawud, Ibn Mas'ud (R.A.) anasimulia kuwa walipokuwa safarini walichukua makinda wa ndege mdogo, mama yao akaja anapiga mbawa kwa uchungu. Mtume (S.A.W.) akauliza nani aliyemtia uchungu kwa wanawe, akaamrisha warejeshwe. Kwa hivyo kulitupa beseni na makinda wakiwa hai haifai. Wakati wao si mrefu: kwa kawaida huruka wakiwa na umri wa wiki nne hadi tano.

Tulimshauri bibi huyu hivi:

1. Asite leo kuweka nafaka kwenye roshani. Wazee wa makinda watatafuta chakula nje na kuwaletea wana wao.
2. Ashuke yeye kwa jirani, asingoje apandiwe mara ya tatu. Aombe radhi, afue nguo zilizochafuka, na aeleze kuwa kiota kitaondoka makinda wakisharuka.
3. Makinda wakiruka, aondoe beseni siku ile ile na afunge wavu, kwani njiwa hurudi kutaga pale pale. Kuzuia kabla ya kutaga ni huruma kuliko kubomoa baadae.
4. Akitaka kuendelea na sadaka yake, apeleke nafaka mbali na nyumba za watu, kwenye uwanja au shamba, kidogo kidogo, na kwa ruhusa ya mwenye pahala. Awape mtama, uwele, mahindi yaliyopasuliwa au choroko. Asiwape mahindi yaliyoota ukungu, kwani sumukuvu inadhuru ndege kama inavyodhuru watu. Kinachotutoka kwa sababu kimeharibika hakiwi sadaka nzuri.

Twahara na afya

Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, kauli inayotegemewa ni kuwa kinyesi cha njiwa ni najisi, ingawa wanachuoni wa madhehebu mengine wanaona kinyesi cha ndege anayeliwa ni tohara. Basi kikiangukia nguo yako, osha pahala pale mpaka kiondoke. Doa likibaki baada ya juhudi, limesamehewa. Sakafuni, ambapo ni shida kujikinga, panasamehewa mradi usikikanyage makusudi na pasiwe na umajimaji. Kikiingia kwenye ndoo ya maji, maji yale hayafai kutawadhia, kwa sababu hayafiki kullatayni, ambazo hukadiriwa kuwa lita 216 hivi. Tangi lililojaa zaidi ya kiasi hicho halinajisiki mpaka maji yabadilike rangi, ladha au harufu. Bora lifunikwe.

Madaktari nao wanatuonya kuwa kinyesi kikavu cha njiwa huweza kubeba vimelea vinavyoshambulia mapafu, na kwa aliyepungukiwa kinga ya mwili madhara hufika hata kwenye ubongo. Usikifagie kikiwa kikavu. Kirowanishe kwanza, funika pua na mdomo, kisha kikusanye, na unawe kwa sabuni. Mgonjwa wa pumu, mjamzito na mtoto mchanga wasikaribie kazi hiyo.

Suali la Iringa

Iringa tulikuta vijana wetu watatu wa chuo waliopanga nyumba pamoja. Njiwa walikuwa wakitua kwenye kibaraza chao, nao wakiwatandazia wali wa jana, wakiwakamata, wakawachinja kwa Bismillahi na kuwala. Wakatuuliza: njiwa si halali?

Njiwa ni halali, na machinjo yao yalikuwa sahihi. Lakini tulipouliza zaidi tukaambiwa kuwa nyumba ya pili yupo mzee mwenye banda la njiwa, na kuwa jioni njiwa wale huruka kuelekea huko. Baadhi yao wana pete miguuni. Basi hao si njiwa wa porini. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darsa zetu visiwani, ametaja kuwa njiwa wa mtu wakihamia katika banda la mwengine ni lazima kuwarudisha. Ikiwa anayehamiwa bila ya kutaka analazimika kurudisha, vipi anayetega kwa wali? Nyama iliyochinjwa vizuri bado ni mali ya watu.

Tuliwaambia waende kwa mzee, wakiri, na walipe thamani ya kila njiwa au waombe wasamehewe. Mmoja akasema wanaona haya. Tukamjibu kuwa haya ya leo mlangoni kwa mzee ni nyepesi kuliko haya ya Siku ya Kiyama. Walikwenda baada ya Alasiri, nasi tukafuatana nao.

Mambo mawili ya mwisho

Wapo wanaoamini kuwa njiwa wakihama nyumba basi kuna balaa linakuja, au kuwa wakija ni dalili ya baraka. Mtume (S.A.W.) amekanusha kupiga fali kwa ndege. Njiwa huenda penye punje na pahala pa kukaa. Bibi wa Mbeya asiogope siku watakapoondoka.

Na anayewatazama njiwa achunge macho yake. Katika Sunan Abi Dawud, Mtume (S.A.W.) alimuona mtu akimfuata njiwa akamkemea kwa maneno makali. Wanachuoni wameeleza kuwa makemeo ni kwa anayeshughulishwa na njiwa mpaka akasahau ibada, au akapanda juu ya mapaa na kuchungulia siri za majumba. Roshani ya ghorofa ya tatu inaona madirisha mengi.

Kabla ya kuondoka Mbeya tulipata salamu kutoka kwa bibi yule. Alishuka kwa jirani na sahani ya vitumbua. Mama yule alimkaribisha ndani, wakakaa mpaka Adhuhuri, na amemwambia ashuke tena. Aliyekuwa hana mgeni ila njiwa, sasa ana pahala pa kwenda.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie huruma kwa viumbe vyake na atulinde na kula haki za waja wake. Amin.

Wallahu a'lam.