KIWANJA NI CHA NANI?

Huko Ruiru, ambako mashamba mengi ya kahawa yamekatwa kuwa viwanja, mume na mke huweza kununua kiwanja kwa fedha za wote wawili, lakini hati ikaandikwa jina moja tu, nalo mara nyingi ni la mume. Je, wakiachana?

Zamani Kenya ilifuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1882. Hata mwaka 2007 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kutunza nyumba peke yake hakumpi mke fungu katika mali. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 iligeuza jambo hilo. Kazi za nyumbani, kulea watoto, kulima shamba na kusimamia biashara ya jamaa, yote huhesabiwa kuwa mchango. Tena nyumba ya ndoa haiwekwi rehani pasipo idhini ya wote wawili kwa maandishi.

Lakini isidhaniwe kwamba mali hukatwa nusu kwa nusu. Tarehe 27 Januari, 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwamba ndoa peke yake haimpi mtu nusu. Kila mmoja sharti athibitishe alichotoa. Hapo ndipo penye taabu, maana mke aliyempa mumewe fedha za chama mkononi, akawapikia mafundi hadi nyumba ikaezekwa, hana karatasi hata moja. Basi stakabadhi za mawe na saruji zihifadhiwe, ujumbe wa M-Pesa usifutwe, na fundi aliyejenga ajulikane aliko, kwani huenda akahitajiwa kuwa shahidi.