Unarudia ku biyari? Fimbo inaweza kungoja

Jirani yangu anaendesha benne kubwa mu karyeri moja ya hapa Kolwezi. Kabla ya kuoa alikuwa mutu wa biyari kweli kweli. Akiinama ku meza, watu waliacha chupa zao na kumutazama. Kisha maisha ikamushika: bibi, watoto 4, poste ya usiku, kambi ya siku 14 bila kulala ku nyumba. Miaka 8 ikapita bila kushika fimbo. Mwaka jana, kipwa ilipoanza, nilikuwa nimeketi kwao jioni moja akaniambia:

— Ndugu, minataka kurudia ku biyari. Unipeleke Lubumbashi kwa ule mutu anauzishaka fimbo za muzuri, zile za bipande bibili.

Bibi yake alikuwa anachagua maharagi mulangoni. Hakungoja nijibu.

— Papa, ile fimbo ni makuta ngapi? Na minerval ya batoto tutalipa na nini? Na ile fimbo?

Ni juu ya ile ulizo njo ninaandika leo. Watu wengi wa ku mine wanarudia biyari kisha miaka mingi. Wanatafuta mahali pa kuketi na wenzao, mahali ambapo mutu anaweza kumaliza saa mbili na chupa moja tu. Sawa. Lakini karibu wote wanaanza na kitu cha bei kubwa. Mimi pia nilifanya vile. Nilinunua fimbo yenye kung'aa, nikaiegemeza ku ukuta chini ya manjanja, na masika moja tu ikaipinda kama upinde. Tangu pale ninasema: anza na vitu vidogo. Vyote pamoja havifiki bei ya kasiye moja ya Simba.

Cha kwanza ni kre, kile kipande cha bulu cha pembe ine. Mu nganda iko kila mara, lakini mara nyingi imetobolewa katikati kama kisima, sababu kila mutu anaizungusha juu ya fimbo kama anafanya foraji. Kre ya namna ile inapaka kando tu, katikati panabaki pakavu, na fimbo inateleza ku mupira mweupe. Nunua yako, uiweke mu mufuko. Na usiizungushe. Pakaza kama vile mwanamuke anapaka rangi ku kucha, kidogo kidogo, pande zote. Fanya vile mbele ya kila pigo. Wengi wanapakaza kisha kukosa, na wanatazama ncha ya fimbo kwa hasira kama vile kosa ni lake.

Jina ni kre, lakini si ile ya masomo. Mu mwaka 1897, huko Chicago, mucheza biyari William Spinks na mutu wa kemia William Hoskins walipata breve ya kre yao mpya. Waliitengeneza na silisi pamoja na oksidi ya aliminiumu, na kre nyingi za leo zinafuata njia ile ile. Wasomaji wetu wa atelye na wa chini ya udongo watafahamu mara moja. Silisi iko mu ile vumbi ya jiwe tunayokatazwa kuvuta. Oksidi ya aliminiumu njo inasugua mu papye emeri. Ni vitu vikali, ndiyo maana fimbo inashika mupira. Basi usipulize ncha ya fimbo mbele ya uso wa mutu, na usiache kre mahali mutoto anafika. Mu mwaka 1996 waganga wa Marekani waliandika mu gazeti lao la magonjwa ya watoto kwamba kre fulani za biyari zilikuwa na plomb ndani. Kwa jirani yangu, mutoto wa mwisho alikutwa na kre mu kinywa, meno yote bulu. Mama alimusukutua, akacheka kidogo, lakini tangu siku ile kre inalala juu ya kabati.

Cha pili ni ngozi ya ku ncha ya fimbo, ile Wafaransa wanaita procédé. Hapa ninataka tukawie, sababu hapa njo mambo yote iko. Zamani fimbo ilipiga kwa mbao tupu. Watu wa historia ya mchezo wanasema ni Mufaransa mumoja, François Mingaud, ofisa wa jeshi aliyefungwa mu gereza, aliyeweka ngozi pale ku mwanzo wa miaka ya 1800. Tangu ile siku mupira mweupe ukaanza kutii: urudi nyuma, usimame, ukate kona. Kile kipande cha ngozi ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, lakini ndicho peke yake kinachogusa mupira. Fimbo ingine yote, na rangi yake na maua yake, ni ya kushikia tu.

Mutu aliyerudi kisha miaka mingi akiona mupira haumutii, anasema mukono umesahau. Mara nyingi mukono haujasahau. Tazama ngozi. Imekauka? Inang'aa kama kioo? Imepanuka kando kama kichwa cha burini kilichopigwa nyundo mingi? Basi hata bingwa atateleza. Kama iko nene bado, kipande cha msasa kinatosha: sugua juu mpaka iwe na mugongo wa duara kidogo, kama ukucha wa kidole gumba ukiutazama kwa mbele, kisha ukate ile imepanuka kando. Kama imekwisha, bandika ingine. Kazi ile mutu yeyote wa atelye anaiweza. Ondoa kole ya zamani mpaka pakuwe sawa kabisa, sugua chini ya ngozi mpya, tia tone moja la kole, finya, na ungoje mpaka kesho yake. Watu wanaharakisha hapa, na ngozi inaruka katikati ya mchezo.

Lakini fimbo gani, kama haujanunua? Fimbo ya nganda! Chagua moja kati ya zile ziko ku ukuta. Usiizungushe ku meza tu, sababu meza yenyewe inaweza kuwa imeinama. Shika fimbo mbele ya jicho, utazame urefu wake kama vile seremala anatazama ubao. Ukiipata iliyonyooka, omba mwenye nganda ruhusa ya kuitengeneza. Atakubali, unamutengenezea bure. Weka alama ndogo chini yake. Jirani yangu alichora namba ya benne yake, na sasa vijana wanaijua: "ile ni ya mukubwa". Wanaitumia akiwa ku kambi, lakini hawaipigi ku sakafu tena.

Mbele ya kununua ngozi, pima. Hapa watu wa mekanike wana bahati, sababu wako na pied à coulisse. Mu dunia ya biyari ya mashimo kuna mipira ya namna mbili kubwa: ile ya Marekani ni milimita 57, ile ya Uingereza ni karibu 51. Kwa ile kubwa, ncha ya fimbo ni milimita 12 ao 13. Kwa ile ndogo, mara nyingi ni kati ya 8 na 10. Ukichanganya, utahangaika bila kujua sababu. Pima tena mupira mweupe peke yake. Ku meza za jeton, mashine inafunga mipira iliyoingia lakini inarudisha mweupe. Inaujua namna gani? Ku meza zingine mweupe una ukubwa tofauti na yenzake, ku zingine una chuma ndani yake. Ukiwa munene ao muzito zaidi, kuurudisha nyuma ni kazi ngumu, na si kosa lako. Piga polepole, panga mchezo namna ingine.

Mipira yenyewe inataka tu kitambaa safi chenye maji kidogo. Siku hizi ni ya rezine ngumu, na sehemu kubwa ya ile ya muzuri inatoka Ubelgiji. Zamani ilichongwa mu pembe za tembo, na mu wakati wa Leopold pembe za Kongo zilijaza masoko ya Anvers. Ninawaza ile kila mara nikisikia mutu anasema biyari ni mchezo wa wazungu. Tembo wetu walilipa kabla yetu.

Gan ya mukono? Gan ya kazi, ile ya ngozi, haifae hata kidogo. Gan ya biyari ni nyembamba na inafunika vidole vitatu tu, ili fimbo ipite kwa urahisi mu mukono wenye jasho. Mu joto la Octoba inasaidia. Mu kipwa, mukono uliooshwa na kukaushwa unatosha. Puda ya batoto usitie: inachafua kitambaa cha meza, na mwenye nganda atakufukuza, na ana haki.

Sasa nifikie kitu ambacho sikukitazamia.

Jirani yangu alifanya yote ile. Kre, ngozi, fimbo iliyonyooka. Mikono ikarudi kisha siku tatu. Mipira ya karibu, hakuna shida. Lakini ya mbali, ile ya mwisho wa meza, alikosa kila mara, na alikosa upande ule ule. Nikamuuliza. Akanyamaza, akapakaza kre tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

— Ile mupira ya kule iko na manyoya pembeni.

Meza ya biyari haifiki metre 3. Na huyu mutu anapanda na benne ku rampe usiku, na watu wa topografi wanapita chini kwa miguu na taa moja ya ku kaske. Nikamuuliza kama muganga wa kazi anajua. Akaniambia hapana. Aliogopa. Ukisema macho haione, wanaweza kukutosha ku benne, na prime ya usiku inakwenda. Wenzake wawili wako vile vile, alisema, na wote wananyamaza.

Ni bibi yake aliyekata maneno. Sikumwambia mimi, alisikia mwenyewe mulangoni, na maharagi yake.

— Papa, mupira ni muchezo. Na benne? Siku moja mutoto wa mwenzako akikuwa mbele yako, utasema nini?

Wakaenda wote wawili kwa muganga wa macho, na makuta ya fimbo njo ililipa. Hakukuwa na ugonjwa mubaya: alihitaji miwani ya kuona mbali. Akaipeleka karatasi kwa muganga wa kazi, na tumbo lilimuuma usiku muzima. Wakaandika ku dosye yake kwamba ataendesha na miwani. Yuko ku benne yake mpaka leo. Sisemi kila mutu atapata jibu kama lile, sababu kila mine iko na mambo yake. Ninasema tu kwamba yeye alilala vizuri kisha pale.

Basi kwa mutu aliyepita miaka 40, ninaweka miwani mbele ya fimbo. Kuna jambo moja la kujua: ukiinama ku meza, unatazama juu ya miwani, si ndani yake. Chagua ile yenye vioo virefu, vinavyopanda mpaka ku nyusi, na kamba ya nyuma isiteleze ku pua. Mu snuka, ndugu ya biyari, Dennis Taylor wa Ireland ya Kaskazini alivaa miwani mikubwa ambayo watu waliicheka, ilionekana kama imepinduliwa. Mu mwaka 1985, huko Sheffield, alishinda ubingwa wa dunia na ile miwani, 18 kwa 17, ku mupira mweusi wa mwisho kabisa.

Na fimbo ya Lubumbashi? Kuna bwate ya maziwa ya unga juu ya kabati, karibu na kre. Kila jumamosi bwana anaacha chupa moja na kutia bei yake pale. Kubecha makuta ku meza, bibi alikatalia mara moja, na ile neno haikuzungumzwa tena. Bwate ikijaa, atatafuta fimbo ya urefu wa karibu santimetre 147, yenye uzito kati ya grame 510 na 595, ya bipande bibili, na ataishika mu mukono wake mbele ya kulipa. Mufuko wake uko tayari: alikata tuyau ya plastiki ya plombye, santimetre 80, akaifunga pande zote mbili na kutia nguo ya zamani ndani. Italala chini ya kitanda, mbali na manjanja na mbali na kioo cha gari ku jua.

Wiki iliyopita alisahau kre mu mufuko wa salopete ya kazi, na bibi akaiosha pamoja na uniforme nyeupe za masomo. Jumatatu watoto watatu walitoka ku nyumba na mashati ya rangi ya mbingu. Diredikta aliwarudisha. Bibi alitosha makuta ya sabuni mu bwate.