Dhamana ya gereji: nani abebe hasara ya injini?

KIHESA, Iringa. Pikapu iliyobeba nyanya kutoka Ilula inapochemsha kwenye mlima wa Ipogolo, wiki tatu baada ya kufanyiwa oveholi, hasara haiishii kwenye injini. Nyanya hazisubiri. Mwenye gari hukodi gari jingine, humlipa utingo, kisha hurudi kwa fundi wake Kihesa kudai dhamana ya miezi mitatu aliyoahidiwa kwa mdomo.

Jibu huwa ni lile lile: "Kazi yangu ilikuwa safi, bosi. Spea uliyoleta ndiyo feki." Dukani nako huambiwa, "Spea ni nzima, mzee, fundi wako kaifunga vibaya." Na risiti ina maandishi kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Mkwamo huu unatokana na namna biashara yenyewe inavyoendeshwa. Katika gereji nyingi ndogo, fundi huandika orodha ya vifaa, mwenye gari huenda kununua mwenyewe, na fundi hutoza ufundi tu. Mteja anakwepa cha juu ambacho fundi angeongeza kwenye bei ya spea. Lakini kwa kufanya hivyo dhamana inagawanyika: duka linabeba kifaa, gereji inabeba kazi, na injini ikifa kila mmoja ana wa kumsukumia lawama.

Chukua mfano wa kazi yenye spea za Sh 600,000 na ufundi wa Sh 200,000. Fundi akinunua spea mwenyewe, pengine atazihesabu kwa Sh 680,000. Hizo Sh 80,000 humkera mteja, lakini zikiwa ndani ya ankara moja na ufundi, gereji imeuza kifaa na kazi kwa pamoja na haina wa kumsingizia. Kwa injini ya gari la biashara hiyo ni bima ya bei nafuu. Kwa plagi au chujio cha oili, mteja anunue mwenyewe tu.

Aliyekwisha kununua mwenyewe naye hajaachwa mikono mitupu. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, mnunuzi akimweleza muuzaji kifaa ni cha kazi gani, na akategemea ujuzi wake, kifaa hicho lazima kifae kwa kazi hiyo. Kwa hiyo risiti iliyoandikwa "spea" tupu ni dhaifu. Itaje jina la kifaa na aina ya injini. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo humlinda mlaji, na yale maandishi ya kutorudisha mali hayamwondolei muuzaji wajibu wake kwa bidhaa mbovu.

Kosa linaloua madai mengi hufanywa na mteja mwenyewe: kwa hasira hupeleka gari kwa fundi wa pili, injini inafunguliwa, na fundi wa kwanza anapata la kusema. Ni heri kwanza kumwandikia barua, kubaki na nakala iliyosainiwa, na kumpa siku kadhaa za kulikagua gari. Injini ifunguliwe yeye akiwepo, au mbele ya shahidi akikataa kuja. Gasketi iliyoungua na ringi zilizokatika zisitupwe.

Fundi naye ana haki ya kuuliza. Je, dereva aliendelea kukanyaga mafuta mshale wa joto ukiwa juu? Rejeta ilikuwa na maji? Kama dereva alilazimisha gari lifike sokoni, hoja ya gereji ina uzito, na si haki kuiita ujanja.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: Sheria ya Mikataba humruhusu fundi aliyefanya kazi yake ipasavyo kulizuia gari hadi alipwe. Kugomea malipo gari likiwa bado ndani ya uzio wake ni kumkabidhi rungu.

Mazungumzo yakishindikana, Afisa Biashara wa Manispaa ni mahali pazuri pa kuanzia usuluhishi. Spea ikionekana kuwa bandia, suala hilo ni la Tume ya Ushindani, yenye ofisi ya kanda Mbeya. Madai ya fedha zilizotokana na mkataba, yakiwa ndani ya kiwango kilichowekwa, husikilizwa Mahakama ya Mwanzo, kwa Kiswahili. Hata hivyo kila siku ya kesi ni siku ambayo gari halibebi mzigo. Fundi akikubali kurudia ufundi bure na mteja akanunua kifaa kipya, mara nyingi wote wawili wamepoteza kidogo kuliko wangepoteza kortini.

Makubaliano ya oveholi inayofuata yaandikwe: muda au kilomita za dhamana, nani amenunua nini, nani atalipia kuvutwa kwa gari. Na itajwe kwamba gari linabeba nyanya kwenda sokoni, kwani fidia ya mapato yaliyopotea hudaiwa kwa urahisi zaidi pale ambapo fundi alijua tangu mwanzo gari likilala kitapotea nini.