Maswali ya Karani Mwema

Mtu asimamaye gatini Malindi, Unguja, asubuhi boti za abiria zifikapo kutoka Dar es Salaam, huona mahamali wakishusha shehena, na karani akiuliza kila mzigo ni wa nani na waenda wapi. Karani aliyefundwa kazi yake huuliza machache, huandika jawabu daftarini, wala hamrejei mtu kumwuliza alilokwisha kulijibu.

Kazi hiyo ndiyo ya programu inayosimika mfumo wa Linux katika kompyuta mpya. Mfumo huo, ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, haugawiwi kama kitu kimoja, bali kwa maelfu ya vifurushi, na kifurushi kimoja aghalabu hakifai kitu pasipo kingine, kama jahazi lisilo na tanga. Kuvipanga vifurushi ni hesabu, na hesabu mashine yaijua. Taabu i katika maswali.

Zamani kila kifurushi kilijiulizia chenyewe, katikati ya kazi, kwa lahaja ya mafundi, na mwenye mashine hakuthubutu kuondoka kitini. Mradi wa Debian, unaoisambaza Linux, aliouasisi Ian Murdock mwaka 1993, ulipata dawa katika chombo kiitwacho debconf, alichokitunga Joey Hess. Humo fundi wa kifurushi huandika swali na daraja lake la umuhimu, nayo madaraja ni manne, lakini namna ya kulionyesha si dhima yake. Mwanafunzi huulizwa yale ya lazima tu, mengine yakachukuliwa kwa jawabu la kawaida. Fundi atakaye undani huyateremsha yote. Majawabu huhifadhiwa, na hata yaweza kuandikwa mapema, hivi kwamba mwalimu mwenye mashine 20 za skuli huiacha kazi ikiendelea, akaenda kuswali Alasiri, akarudi ikiwa imekwisha.

Faida iliyo kubwa kwangu ni kwamba maneno ya swali huwekwa mbali na programu, basi mfasiri huyatia katika lugha yake bila ya kuigusa kazi ya fundi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa programu za ofisini za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, wakadhihirisha kuwa lugha hii, ambayo Kiunguja chake kilichaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, yaichukua elimu ya kompyuta bila ya kulemewa.

Nalishikilia hilo la kufasiri maswali kwa sababu ya swali moja, la kuigawa diski, ambalo asiyelifahamu akilijibu kwa pupa hupoteza picha za harusi na hesabu za duka kwa dakika moja. Swali hilo halistahili kufichwa wala kusemwa kwa fumbo. Programu ya Debian ifikapo hapo, isipoandikiwa jawabu mapema, husimama, huorodhesha kila sehemu itakayoandikwa upya, kisha huomba idhini. Na jawabu lililotangulizwa, kwa mwenye kubonyeza tu bila ya kusoma, ni La.